Jumba la maduka lisilonunua kwetu ni mgodi mwingine



Jumamosi iliyopita tulifungua simu za studio kwa swali moja. Kuna video inazunguka kwenye simu za vijana wetu. Inaonyesha jumba la maduka la Two Rivers kule Nairobi: ngazi zinazopanda zenyewe, familia zinakula kuku wa kukaanga kwenye meza safi, na nje yake bustani ya michezo ambako gurudumu kubwa linawazungusha watoto juu hewani. Tuliuliza: kama Likasi ingepata jumba kama hilo, lenye yale maduka na mikahawa yenye majina ya kigeni, mngefurahi?

Karibu wote walijibu ndiyo. Kijana wa Kikula alisema amechoka kupanda gari hadi Lubumbashi kutafuta kitu cha kumnunulia mchumba wake. Baba mmoja wa Shituru alisema watoto wetu nao ni watoto, wanastahili kucheza. Sikuwa na la kuwajibu, maana wana haki.

Kisha akapiga mama mmoja. Alikimbia kutoka upande wa Mitwaba, sasa anaishi hapa Panda na watoto wake kwenye nyumba ya kukodi ya chumba kimoja, na anauza lengalenga na sombe kando ya barabara. Aliuliza swali moja tu: "Papa, ile nyumba itanunua lengalenga yangu, ao itanifukuza pale niko nauzishia?"

Nilimjibu maneno mawili matatu ya haraka, muda ukaisha, tukaweka tangazo. Nilirudi nyumbani na aibu. Mtu ameuliza swali la maisha yake, nami nimempa jibu la kumaliza kipindi. Leo ninamjibu sawasawa, na ninawajibu pia wote waliosema ndiyo.

Jibu langu ni hili. Jumba la maduka linalouza kwetu bila kununua kwetu ni mgodi mwingine. Tofauti ni kwamba mgodi huu hauchimbi shaba, unachimba mfuko wa mama wa nyumbani.

Sisi wa Panda tunajua mgodi ni nini

Hatuhitaji profesa atufundishe jambo hili. Tangu wakati wa Union Minière mtaa wetu umeishi na moshi wa viwanda. Tumeona mawe yakiingia, tumeona shaba ikitoka, na tumeona kilichobaki: mashimo na wazee wanaokohoa.

Simama leo kwenye barabara ya taifa namba 1, hapo inapopita mji wetu. Malori yanatoka upande wa Kolwezi yakiwa na shaba na kobalti, yanaelekea Lubumbashi na Kasumbalesa. Siku zinapita, malori mengine yanarudi. Yamebeba nini? Unga, mafuta ya kupikia, biskuti, juisi, samaki wa barafu, tomati za kopo. Tunapeleka shaba na tunarudishiwa tomati! Na huku Tshangalele kuna samaki, na udongo wa kando ya mito yetu unaotesha tomati hadi zinaoza sokoni kwa kukosa mnunuzi.

Sasa mtu anatuambia tujenge jumba la kupendeza ambalo kazi yake ni kupokea malori hayo, kuweka mizigo kwenye mbao zenye taa, na jioni kuhesabu franga zetu na kuzipeleka nje. Ndiyo maana ninaliita mgodi. Mawe hatutayaona yakitoka, lakini pesa itatoka kila jioni.

Na mgodi huu una ubaya wake wa pekee. Franga anayoipata mama wa lengalenga inazunguka papa hapa: anamlipa mwenye nyumba, ananunua meka ya unga kwa jirani, analipa shule ya mtoto, mwalimu ananunua makala, muuza makala ananunua sabuni. Franga moja inapita mikono mitano kabla ya kulala. Ile iliyoingia kwenye mashine ya duka la kigeni inapita mkono mmoja, kisha inapanda ndege.

Kile video haionyeshi

Two Rivers si ndoto, ni jumba la kweli. Lilifunguliwa Februari 2017 pembeni mwa Nairobi, karibu na Ruaka. Ni zaidi ya mita za mraba 60,000. Lilijengwa na kampuni ya Kenya inayoitwa Centum pamoja na fedha za Wachina wa AVIC. Duka lake kubwa ni Carrefour, jina la Kifaransa, lakini nchini Kenya linaendeshwa na Majid Al Futtaim, kampuni ya Dubai. Jina la Ufaransa, mwenye kuendesha yuko Dubai, fedha za China, mteja Mkenya. Mkulima wa Kenya yuko wapi katika hesabu hiyo?

Wakenya wenyewe waliuliza swali hilo mwezi wa Januari 2022. Siku hizo mikahawa ya KFC nchini Kenya ilikosa firiti. Watu walifika, wakaagiza kuku, wakaambiwa hakuna viazi. Je, Kenya ilikuwa imekosa viazi? Hapana. Mashamba yalikuwa yamejaa, ulikuwa wakati wa mavuno. Viazi vya KFC vilikuwa vinatoka nje, kutoka Misri, na meli ilikuwa imechelewa. Kampuni ilieleza kwamba wauzaji wake wote lazima wapimwe kwanza kwa vipimo vyake vya ubora. KFC ilikuwa imeingia Kenya mwaka 2011. Zaidi ya miaka 10 ilikuwa inauza viazi katika nchi ya viazi, na bado hakuna mkulima wa hapo aliyekuwa amepita kwenye mlango huo.

Wakenya walikasirika. Waliandika, walipiga kelele, wengine wakaita watu wasusie mikahawa hiyo. Na mnajua kilichotokea? Ndani ya siku chache kampuni ikasema itaanza kutafuta viazi kwa wakulima wa Kenya. Yale ambayo hayakuwezekana kwa miaka 10 yaliwezekana kwa wiki moja ya hasira. Shikeni hilo vizuri, tutarudi kwake.

Tuseme basi umepata bahati, duka kubwa limekubali kununua kwako. Bado. Mwezi wa Desemba 2023, mamlaka ya ushindani wa biashara ya Kenya iliitoza Majid Al Futtaim, wenye Carrefour ya huko, faini ya shilingi za Kenya bilioni 1.1. Waliolalamika walikuwa kampuni mbili zinazoliuzia duka bidhaa, moja ya asali na nyingine ya mafuta ya kupikia. Mamlaka iliona kwamba wauzaji walibanwa: walitakiwa kutoa punguzo juu ya punguzo, na kutuma wafanyakazi wao wenyewe kufanya kazi ndani ya duka. Kampuni haikukubali, ilikata rufaa. Lakini fikirini: kama kampuni ya mafuta yenye kiwanda na wanasheria inabanwa hivyo, mama wa lengalenga atabanwa namna gani?

Na msidhani ubaya ni wa wageni peke yao. Nakumatt ilikuwa ya Kenya, mtoto wa nyumbani. Ilianza na duka la magodoro Nakuru, ikafika matawi zaidi ya 60 nchini Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Kila mtu aliipigia makofi. Ilipoanguka, ilikuwa inadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 30, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifungwe kabisa. Katika wadai hao walikuwamo watu waliopeleka bidhaa zao dukani wakasubiri malipo siku 30, siku 60, siku 90, mpaka duka lenyewe likafa na deni lao tumboni.

Kwa hiyo ninapotetea soko letu, sitetei rangi ya ngozi ya mfanyabiashara. Anayekula jasho la muuzaji mdogo ni mbaya, awe anatoka Dubai ao amezaliwa Kikula.

Wanakuja kwa ngoma, wanaondoka kimya

Kuna jambo lingine. Maduka haya yenye matawi mengi hayana kijiji. Hesabu ikikataa, yanafunga mzigo.

Angalieni Shoprite ya Afrika Kusini. Kenya ilifungua duka la kwanza Desemba 2018, na ilipoanza 2021 ilikuwa imekwisha kuondoka. Uganda nako ikaondoka mwaka huohuo wa 2021. Hapa kwetu Kongo iliingia Kinshasa mwaka 2012, watu walijipanga mstari kuona duka lenye ubaridi. Leo haiko tena. Siwalaumu, mfanyabiashara ana haki ya kuondoka. Ninauliza tu: anapoondoka, anayebaki anakula nini, ikiwa soko lake alikwisha kuliua?

Wazee wa Panda wanajua jibu, kwa sababu walishalionja. Muulizeni mzee yeyote aliyefanya kazi kwa Gécamines. Alipata mshahara, na alipata posho: unga, mafuta, samaki, kila kitu kwa kipimo. Hospitali ya kampuni, shule ya kampuni, hata mpira wa kampuni. Watu walisema Gécamines njo baba, Gécamines njo mama. Baba yangu alisema hivyo pia. Mama akitaka kulima, alimwambia: mke wa mfanyakazi hashiki jembe, utaniaibisha.

Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, siasa zikachafuka, na kufikia 1994 haikufika hata tani 50,000. Posho ikakatika. Mishahara ikakaa miezi bila kutoka. Mwaka 2003 ulipoanza mpango wa kuondoka kwa hiari, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipewa bahasha na kwaheri.

Nyumba nyingi siku zile ziliokolewa na nani? Na mama. Mama aliyekatazwa jembe alilitafuta jembe. Alilima kando ya mto, akauza mikate asubuhi, akauza munkoyo mchana, akauza makala jioni. Mimi nimesoma sekondari kwa fedha za tomati, na mafunzo ya uandishi wa habari niliyalipa kwa fedha za tomati. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake akisubiri Gécamines irudi. Amekufa akiisubiri.

Ndiyo maana mtu akiniambia "acheni kuuza chini kwenye vumbi, jumba kubwa litawapa kila kitu", ninamsikia baba yangu. Mji uliowahi kulishwa na mkono mmoja haufai kurudia kosa lilelile.

Na ninyi ndugu mliokimbia makwenu mnalijua hili kuliko sisi. Mama yangu anasimulia mwaka 1992 na 1993, familia kwa maelfu zilipofukuzwa majumbani mwao katika mkoa huu zikalala kwenye gare ya Likasi, zikisubiri treni ya kwenda Kasai. Jeraha hilo halijapona kwa wengi, na siandiki hapa kulifungua upya. Ninakumbusha jambo moja. Mtu aliyefika gareni na mzigo kichwani alihitaji siku hiyo mtu wa kumuuzia unga wa franga kidogo, kwa kipimo kidogo, hata kwa deni. Duka kubwa haliuzi nusu kikombe cha mafuta. Halikopeshi mpaka Ijumaa. Mlango wake una mlinzi anayeangalia viatu vyako. Soko la chini ndilo linalompokea mtu asiye na kitu, kwanza kama mnunuzi wa vipimo vidogo, kisha kama muuzaji. Ukiliondoa soko hilo, umemwondolea mkimbizi mlango wa kuingilia mjini.

Lakini tuseme ukweli wetu pia

Sasa nitawakasirisha wasikilizaji wangu wa sokoni, na wanisamehe.

Watu hawasifu maduka ya kigeni kwa upumbavu. Wanayasifu kwa sababu bei imeandikwa, kila mtu analipa sawa. Kwetu bei inategemea nguo ulizovaa. Wanayasifu kwa sababu mzani ni mzani. Kwetu kuna meka iliyopigwa nyundo chini ili ibebe kidogo. Ndoo ya tomati kwetu ina nzuri juu na zilizooza chini. Samaki wanakaa juani na nzi. Choo cha soko sitakieleza, maana wengine mnasoma mkiwa mnakula.

Mama yangu mwenyewe alipata somo hilo. Miaka kadhaa iliyopita alipeleka ndoo za tomati kwenye duka moja kubwa la Lubumbashi. Alipanda gari usiku, akafika asubuhi. Mtu wa mapokezi ya bidhaa hakumsikiliza hata dakika mbili. Alimuuliza makaratasi, akamuuliza namba ya ushuru, akamuuliza kama anaweza kuleta kiasi kilekile kila wiki, ukubwa uleule. Mama hakuwa na karatasi, na kiasi kilekile kila wiki hakuweza peke yake. Alirudi nazo, nusu zikiwa zimepondeka. Nilikasirika sana siku ile. Leo bado nimekasirika, lakini ninakubali kwamba katika yale maswali manne, angalau mawili yalikuwa ya haki.

Jibu la maswali hayo lipo katika sheria, na watu wetu wachache wanalijua. Tangu 2012 nchi yetu iko katika OHADA, na sheria ya OHADA ya ushirika inaruhusu watu 5 tu kuunda ushirika mdogo wenye karatasi zake. Watano! Mama watano wa tomati wanaweza kuwa na jina moja, namba moja, mzani mmoja, na ahadi moja ya kila wiki. Kila mtaa wa Panda una likelemba la mama zaidi ya watano. Wanaoaminiana fedha za mzunguko wanaweza kuaminiana ndoo za tomati.

Jirani zetu wa Zambia wametuonyesha njia. Kule Chipata, mashariki mwa nchi yao, duka la Shoprite lilifika na mboga zake za kutoka mbali. Wakulima wa hapo waliona soko lao linakufa, wakakasirika hadi kutishia kulichoma duka. Halikuchomwa. Watu walikaa chini, ukatengenezwa mpango wa kuwapa wakulima wadogo wa Luangeni nafasi ya kuleta mboga zao dukani. Ilikuwa kazi ngumu, maana duka lilitaka ubora na muda kamili, na wakulima walihitaji kufundishwa. Sisemi mtishie moto. Ninasema duka halikufungua mlango lenyewe, liligongewa.

"Lakini italeta kazi"

Hili ndilo neno la kila mkubwa anayekata utepe. Ndiyo, jumba la maduka linaleta kazi: walinzi, wafagiaji, wanaokaa kwenye mashine ya kulipia, wapishi. Sizidharau. Mtoto wako akipata mshahara wa kila mwezi ni baraka.

Lakini kazi huhesabiwa pande mbili. Ukiandika zilizoingia, andika pia zilizotoka: mama wa mikate, muuza michopo, kijana wa mkokoteni, msichana wa mayai ya kuchemsha, mwenye kibanda cha sabuni. Hao hawana mkataba, kwa hiyo mkubwa hawahesabu. Yeye anaona "vurugu kando ya barabara". Na kila mara mji unapotaka kupendeza mbele ya mgeni, hao ndio wa kwanza kufagiliwa.

Sheria inawatambua, hata kama polisi wa sokoni hawajui. Sheria ya tarehe 8 Agosti 1990 juu ya biashara ndogo inasema biashara hiyo ni ya wenye nchi. Na sheria ya Februari 2017 juu ya kandarasi ndogo inataka kampuni kubwa ziwape kazi hizo wafanyabiashara Wakongomani. Sheria tunazo. Tunachokosa ni mtu wa kuzisoma mbele ya mwekezaji kabla ya chakula cha mchana.

Na kama mtu bado anaamini tunaweza kuishi kwa malori ya nje, akumbuke Agosti 2024. Serikali yetu ilikataza bia na vinywaji vya soda kutoka nje, ukatokea mvutano, Zambia ikafunga mpaka wa Kasumbalesa kwa siku chache. Siku chache tu! Unga ulianza kuzungumzwa kwa sauti ya chini kama mgonjwa. Mji ambao bukari yake inategemea ufunguo ulio mikononi mwa mtu mwingine hauna haki ya kujisifu kwa ngazi za umeme.

Tunachodai

Sijasema hatutaki. Nataka watoto wa Panda wazungushwe kwenye gurudumu, na nataka kijana wa Kikula ampeleke mchumba wake kula kuku. Ninasema mlango uwe na masharti, na masharti yaandikwe kabla ya msingi kuchimbwa, maana baada ya utepe kukatwa hakuna anayesikiliza.

Kwanza, duka lolote kubwa litakaloomba kiwanja hapa mjini liseme kwa maandishi litanunua nini kutoka Likasi, Kambove na vijiji vya jirani: unga, mboga, mayai, samaki, kuku. Liseme kiasi gani, na lianze mwezi gani. Pale ambapo ubora wetu haujafika, liseme litatufundisha namna gani. Jibu la "baadaye" lisikubaliwe. Wakenya waliambiwa baadaye kwa miaka 10.

Pili, muuzaji mdogo alipwe siku anapoleta, na ushirika ulipwe ndani ya siku 30. Mama hana benki ya kusubiria siku 90.

Tatu, asifukuzwe mtu kando ya barabara mpaka apewe nafasi nyingine yenye paa, maji na choo, karibu na mahali watu wanapopita. Nafasi ya kilomita tano porini si nafasi. Na ndugu waliokimbia makwao waandikwe kwenye orodha ya nafasi hizo kama wakaaji wengine. Asiulizwe mtu alitoka wapi, aulizwe anauza nini.

Nne, kazi zitolewe wazi, kwa tangazo la redio, na siyo kwa simu za mashangazi na wajomba wa ofisini.

Tano, sisi wa soko tujipange. Mizani ya kweli. Tomati nzuri juu na nzuri chini. Ushirika wa watano watano. Tukiyakataa haya, tusilie duka likinunua kwingine.

Ninaomba ofisi ya meya na wakuu wa komini zetu nne, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, wayajibu haya hadharani. Studio iko wazi, kiti kipo, na swali la kwanza ni la yule mama.

Nimalizie kwake. Mama yangu wa lengalenga, uliniuliza kama ile nyumba itakununua ao itakufukuza. Jibu la kweli ni kwamba nyumba yenyewe haina nia yoyote. Itafanya kile ambacho karatasi yake inaruhusu. Kama karatasi itaandikwa bila wewe, itakufukuza. Kama itaandikwa ukiwa umekaa mezani, wewe na wenzako wanne, wenye jina moja na mzani mmoja, itakununua.

Kwa hiyo Jumamosi usipige simu peke yako. Tafuta wenzako wanne, mje studio. Nitawawekea viti, na safari hii sitaweka tangazo.